Hodi Iliyoingia Kwenye Picha

Zuhura, na wenzako wote mliobaki pale studio, mmenitaka niandike nilivyofanya kazi, eti ili watakaokuja wajifunze. Nimekubali. Lakini msidhani sikuwasikia mkicheka nyuma ya pazia siku ile nilipoiokota rimoti yenu mpya nikauliza ni ya televisheni gani. Leo ni zamu yangu kucheka. Mshahara sitautaja, maana hata mke wangu hakuwahi kuuona vizuri. Cheo nacho sikupata. Kwenye studio ya watu wawili cheo pekee ni nani atafagia. Nitaandika kuhusu kutulia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu ujana: kuwaambia watu watulie, na wao wasitulie.

Nilianza kwa Mzee Shabani, palepale mlipo ninyi sasa, mkabala na barabara kuu. Ukoo wake ulikuwa Same tangu zama za babu yake mfanyabiashara, na yeye alijua kila mtu aliyewahi kupita mjini na deni alilomwachia. Upepo wa Same ulikuwa huuhuu, vumbi hilihili, ila madukani hakukuwa na kitu. Ninyi mkisikia hivyo mnadhani vitu vilikuwa vichache. Sikilizeni vizuri: rafu zilikuwa tupu, na mwenye duka amekaa mbele ya rafu tupu na bado anakujibu kwa jeuri. Sukari kwa kibali, sabuni kwa kujuana, betri ndiyo usiulize kabisa. Mzee Shabani alikuwa na flashi nzuri ya Kijapani. Kwa kuwa haikuwa na betri aliitundika ukutani, na wateja walikuwa wakiisifu halafu tunawapiga picha bila hiyo.

Siku ya kwanza niliingia nimevaa shati la kuazima nikijua nitafundishwa kamera. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba," akasema, akanitupia mpira mweusi wa kuminya, wenye bomba refu kama utumbo wa kuku. "Minya."

"Nini hiki, mzee?"

"Nimesema minya. Ukianza na maswali utaishia ualimu."

Nikaminya. Kule mwisho wa bomba kijiti kidogo kikachomoza, kikarudi. Akaniambia niendelee kuminya mpaka adhana, bila kutetemesha bega. Nikaenda nyumbani jioni mkono umekufa ganzi, mama yangu ananiuliza, "Kwani huko mjini umeajiriwa kukamua ng'ombe?"

Ule mpira ndio ulikuwa rimoti yetu, Zuhura. Kamera ilikuwa ya Kichina ya macho mawili, jicho moja la kutazamia na jingine la kupigia. Kwenye lenzi kulikuwa na herufi B, ileile mnayoiona kwenye hizi zenu. Ukiiweka hapo, kamera inabaki wazi kadiri unavyobonyeza, na ndani ya nyumba yenye giza hiyo ndiyo njia pekee: unaliacha jicho wazi, linakusanya mwanga kidogo kidogo mpaka litosheke. Tatizo ni kidole. Kidole cha binadamu kinatikisa kamera, na cha binadamu aliyeshindia uji mtupu kinaitikisa zaidi. Waya maalumu wa kubonyezea kwa mbali ulikuwepo, ila ulikuwepo Nairobi. Basi Mzee Shabani alichukua pampu ya kipimo cha presha kilichokufa, akaiunga na bomba la dripu, na mwishoni akaweka ganda la kalamu lenye spiringi na kijiti ndani. Ukiminya hapa, kamera inabonyezwa kule, na wewe umesimama mbali mikono haina hatia. Kifaa kilinuka zahanati mpaka siku ya mwisho.

Saa ya kuhesabia sekunde nayo hatukuwa nayo, ya kwake ilikuwa imesimama ikisubiri betri kama flashi. Yeye alipima kwa kusoma Fatiha moyoni. Mimi Mlutheri wa milimani nilipima kwa Baba Yetu. Karibu na dirisha naishia kwenye jina, kanisani nafika kwenye mkate, na jikoni kwenye moshi na masizi naenda mpaka kwenye kusamehewa. Picha zake na zangu zilitoka sawasawa, jambo ambalo niliwahi kumweleza mchungaji, naye hakulifurahia.

Filamu zilitujia kutoka ng'ambo ya mpaka, kupitia wafugaji wa Kwakoa, ndani ya vibuyu. Zaidi ya hapo sisemi, ingawa wahusika wote wamekwisha kufa na kibuyu kimoja ninacho nyumbani. Zilifika zinanukia maziwa. Roli moja ilikuwa na picha kumi na mbili, na kila moja tuliitazama kama mtu anavyotazama kipande cha mwisho cha nyama. Ninyi mnapiga harusi moja picha elfu, kisha mnakaa wiki nzima mnatafuta ile nzuri. Haya, endeleeni.

Sasa sheria ya Mzee Shabani, ambayo nawaachia kama urithi. Kabla ya kuminya, weka mtu nje ya mlango. Kazi yake ni moja tu, kuzuia hodi. Alinionyesha picha ya kwaya aliyoipiga ndani ya kanisa. Viti vilikuwa safi, maua safi, na pale ilipotakiwa kuwa kwaya kulikuwa na ukungu wenye kola nyeupe.

"Walicheka?" nikauliza.

"Wacheke wapi. Mchungaji alipita mlangoni. Kijana, watu wetu unaweza kuwazuia kucheka. Unaweza kuwazuia kukohoa. Hata pumzi wanazizuia ukiwaomba vizuri. Kusalimia huwawezi. Mpare ukimfungia kwenye jeneza, mkubwa akipiga hodi atanyanyuka aitikie."

Ndivyo ilivyo kwenye picha ya muda mrefu. Anayetulia anabaki, anayetikisika anakuwa moshi, na anayepita haraka hata moshi hapati.

Nikafanya kazi hiyo kwa amani mpaka ule mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, ambapo mtu aliyekutwa na sabuni mbili alikuwa na maelezo ya kutoa. Nilikuwa nimepanda milimani kupiga harusi, nikalala kwa ndugu zangu Vudee, na asubuhi akanijia mwanamume mmoja amepanda kilima mbio. Alikuwa anatoka kijiji cha juu zaidi. Kijiji sikitaji, kwa kuwa watoto wa mtu nitakayemsema bado ni wateja wenu, na wanalipa.

"Wewe ndiye mpiga picha? Mke wangu anakuomba."

"Ana harusi?"

"Ana kifua. Hatashuka tena mlima." Akasema hivyo bila kunitazama.

Kwenye kamera ilikuwa imebaki picha moja. Harusi ilikula zile nyingine zote, kwa kuwa bwana harusi alikuwa na wajomba wengi na kila mjomba ana kifua cha kuonyesha. Nikamwambia yule mwanamume ukweli, nina moja tu, na nyingine sijui itatoka lini huko inakotoka. Akasema, "Moja inamtosha. Yeye mwenyewe ni mmoja."

Tukafika. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, na baridi ile ya milimani inayoingia mpaka kwenye meno. Kumtoa mgonjwa nje isingewezekana. Mkewe, wote walimwita Mama Nakunda, alikuwa amekaa kitandani ameegemezwa na magunia, kichanga cha kike kimelala kifuani mwake. Alikuwa amevaa kitenge kilichopigwa pasi. Niliona pasi ya mkaa imewekwa pale chini bado ina moto, nikaelewa kwamba nyumba nzima ilikuwa ikihangaika tangu alfajiri kwa ajili ya picha moja.

"Shikamoo kaka," akaniambia, na ilimgharimu pumzi.

"Marahaba, dada. Pole."

"Huyu ni Nakunda." Akamgusa mtoto kichwani. "Mimi hatanikumbuka. Watamwambia mama yako alikuwa hivi, alikuwa vile, kila mtu na lake. Nataka anione mwenyewe, anijue. Unaweza?"

Nikamwambia naweza. Sikuwa na hakika hata kidogo. Nyumba ilikuwa na dirisha dogo la kupitishia paka, na mwanga wote wa maana uliingia mlangoni. Maana yake mlango haufungwi. Tukasogeza kitanda hadi ukuta unaopata mwanga huo, nikaweka kamera upande wa pili juu ya miguu yake mitatu ya mbao, nikaifunga jiwe chini isicheze. Mumewe akasimama kichwani pa kitanda. Mama mkwe akakaa miguuni, na wifi yake nyuma. Nikatoka nje kutafuta mtu wa kuweka mlangoni.

Hakukuwa na mtu. Kijiji kizima kilikuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wameitwa kuzibua ndiva, lile bwawa lao la kumwagilia mashamba. Msaragambo hauna mchezo, wote mnajua: asiyekwenda anatozwa, na kama hana cha kutozwa anachukuliwa kuku wake. Hawa wa nyumba hii walikuwa wamebaki kumwuguza mgonjwa. Nikasimama uani nikatazama kushoto na kulia, ni mbuzi mmoja tu aliyenitazama. Nikarudi ndani.

Nikawaambia, "Nikisema tayari, hakuna kucheka, hakuna kukohoa, hakuna kujikuna pua. Hata mkisikia nyumba inaungua, tulieni." Wakaitikia wote. Mama Nakunda akauliza, "Nitazame wapi?" Nikamwonyesha jicho la chini la kamera. Akalitazama, akavuta pumzi, akaizuia.

Nikaminya mpira. Nikaanza Baba Yetu yangu moyoni, polepole kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nimefika kwenye ufalme, naye akaja.

"Hodi humu ndani!"

Bwana Katibu. Ndiye aliyekuwa katibu wa chama pale kijijini, na alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kuwasaka watoro wa msaragambo. Hakungoja kukaribishwa, mtu wa namna ile hodi yake ni taarifa. Akaingia na suti yake ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni, akapita mbele ya kamera mkono umetangulia, akaenda kusimama ubavuni mwa kitanda. Na watu wangu, walioapa kutulia nyumba ikiungua, wakanyanyuka wote. Mume akainama akampa mkono kwa mikono miwili. Mama mkwe, ambaye kwa umri angeweza kumzaa Katibu na kumchapa bakora, naye akasimama. Wifi akapiga goti. "Shikamoo Bwana Katibu, karibu Bwana Katibu, za huko utokako Bwana Katibu." Salamu za kwetu mnazijua hazina mwisho. Anaulizwa mifugo, anaulizwa mvua, na mimi kule pembeni nimeminya mpira na picha ya mwisho inakwenda na maji.

Nilitaka kuachia. Mkono ulikuwa umeshaanza kulegea. Nikamtazama Mama Nakunda kuona kama naye amegeuka, nikakuta hajageuka. Hajapepesa. Anatazama pale pale nilipomwonyesha, mtoto kifuani hajui kitu, na machozi yamemjaa lakini hayajashuka. Basi nikaminya mpira kwa nguvu zote, nikaendelea na mkate, nikasamehe wote waliotukosea isipokuwa mmoja, nikafika mwisho, nikaachia.

"Na huyu mbona haamki?" Katibu akauliza.

"Mgonjwa, Bwana Katibu," mume akasema.

"Hata kuitikia hawezi?"

Mama Nakunda akashusha pumzi, akakohoa weee, mpaka wifi yake akamshika mabega. Alipotulia akasema, "Shikamoo, Bwana Katibu. Niwie radhi, nilikuwa kazini."

Nimefanya kazi na wakubwa, nimepiga picha maharusi, maaskofu na wagombea ubunge. Sijasikia mtu akijibu vizuri kuliko hivyo.

Katibu akanigeukia mimi. Filamu nimeitoa wapi? Nina kibali? Kwa nini nimekalisha nguvu kazi gizani saa za ujenzi wa taifa? Nikamjibu kwa upole wa mtu mwenye kibuyu cha Kwakoa kwenye mkoba. Alipogundua kuwa kamera ilikuwa wazi wakati anaingia, uso ukabadilika, akajinyoosha suti. "Kumbe na mimi nimo? Basi utaniletea ya kwangu." Kisha akaandika faini, akaondoka na jogoo kwapani.

Dawa za kusafishia picha zilichelewa kupatikana. Nilipopanda tena mlima, nilimkuta yule mume amenyoa kichwa. Nikampa pole ya msiba. Tukakaa, nikaitoa picha, na kabla hajaishika vizuri, hodi tena. Katibu alikuwa amesikia nimekuja na amefuata picha yake.

Akaichukua yeye kwanza. Akaigeuza huku na huku.

"Mimi niko wapi?"

"Hapo, Bwana Katibu."

"Hapo wapi? Huu si moshi?"

"Chini kidogo. Hivyo viatu."

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mume alikuwa moshi, mama mkwe moshi, wifi hata moshi ulikuwa haba. Katibu mwenyewe, kuanzia suruali kwenda juu, alikuwa wingu. Ila miguu aliisimika mahali pamoja muda wote wa kuamkiwa, basi viatu vikatoka safi, mpaka matobo ya kamba unayahesabu. Viatu vya ngozi vya kahawia, vipya, vinang'aa, kwenye kijiji ambacho wengine wote walivaa katambuga za matairi na walikuwa wakiambiwa na yeye mwenyewe kila mkutano wafunge mkanda. Na katikati ya moshi wote huo, Mama Nakunda. Kila unyoya wa nyusi zake. Pindo la kitenge. Mtoto na ngumi yake ndogo. Anakutazama.

Katibu aliviangalia viatu vyake kwa muda, kisha akavitazama alivyovaa, vilikuwa vilevile. "Hii ni hujuma," akasema. Akaichana. Akaichana tena vipande vipande, akatia mfukoni, akaniambia akinisikia nina nyingine nitaieleza mbele ya watu wanaojua kuuliza. Mume akanisindikiza mpaka njiani. "Kajiru, ndugu yangu, usilete nyingine," akaniambia. "Nimebaki na mtoto. Nikichukuliwa mimi, nani atamlea?" Akarudi kumbeba mwanawe.

Nilishuka mlima ule nikilia, naandika hivyo msije mkadhani miaka yote nilikuwa nacheka. Aliniomba kitu kimoja, nikakipata, na aliyestahili kupewa hakupewa. Mzee Shabani alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua negativu, akaifunga kwenye karatasi, akaiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga. "Karatasi amechana," akasema. "Mwanga hajachana." Kisha akanituma maji, na kwa Same ya wakati ule hiyo ilikuwa adhabu.

Baadaye ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Vitu vikamwagika: betri, filamu za rangi, mitumba, saa za plastiki, kila mtu ana duka. Flashi ikashushwa ukutani ikakutwa imeoza ndani. Vijana wakaingia mtaani na kamera shingoni, picha unapigwa leo zinapelekwa Moshi kusafishwa, zinarudi nusu za kwako na nusu za harusi ya mtu wa Kileo. Na nani akafungua duka la jumla, kubwa, la milango miwili? Bwana Katibu, yule mwindaji wa walanguzi. Alishuka mlimani akawa mfanyabiashara, akaja studio na suti mpya apigwe picha ya kutundika dukani, akishika mkono wa simu ambao haujaunganishwa na kitu.

Alikaa kwenye kiti, akanong'ona, "Kajiru, leo nitaonekana?"

"Leo betri zipo, mzee," nikamwambia. "Utaonekana hata usipotulia."

Akatulia kuliko mteja yeyote niliyewahi kumpiga. Mzee Shabani, ambaye kwa wakati huo alikuwa anaona kwa shida, alicheka ndani ya chumba cha giza mpaka akaangusha beseni. Alifariki mwaka uliofuata, na ule mpira akaniachia mimi.

Kisha mkaja ninyi na dijitali zenu. Nakiri, zile rangi sikuzitegemea. Na rimoti, Zuhura, nakubali ni kitu kizuri siku zile ulizokumbuka kununua betri yake. Miye mpira wangu haukuwahi kuisha chaji. Kwa kuwa mmenitaka niwafundishe, haya: hiyo rimoti ya mwanga lazima ionane uso kwa uso na kamera, ukisimama nyuma ya kamera unabonyeza hewa, na jua la Same la mchana linaipofusha. Funika kitobo cha kuchungulia, mwanga huingia kwa nyuma. Zima kile kifaa cha lenzi cha kuzuia mtikisiko, maana juu ya miguu mitatu hakina kazi na kisichokuwa na kazi hutafuta. Tundika mkoba wa mawe chini kwa ajili ya upepo. Ukiweka B, bonyeza mara moja kufungua na mara ya pili kufunga. Ukisahau ile ya pili utapata picha nyeupe, utaniambia ni sanaa. Mlipoanza kwenda kando ya barabara kuu kupiga taa za malori ziwe mistari, nilinyamaza. Mimi nimetumia ujana wangu kuzuia watu wasiwe mistari, ninyi mnaitafuta.

Sasa wiki yangu ya mwisho kazini. Wewe ulikuwepo, lakini nawaandikia wengine. Aliingia mama mmoja wa makamo, ameolewa Kwakoa, ana vumbi la safari mpaka kwenye kope. Baba yake amefariki, anataka picha ya marehemu ikuzwe. Akaniamkia, akakaa, akasema, "Kabla hajafa baba aliniambia kuna mpiga picha wa Same, Kajiru, aliwahi kumpiga mama yangu. Alisema anaogopa kuniambia miaka yote. Sijawahi kumwona mama yangu. Huyo Kajiru yuko hai?"

"Anaitwa nani mama yako?" nikauliza, na nilikuwa nimeshajua, kwa sababu zile nyusi zilikuwa zinanitazama tangu mlangoni.

"Mimi ni Nakunda."

Niliinuka nikaenda kwenye kopo. Nikakifungua, nikaitoa ile karatasi aliyoifunga Mzee Shabani. Wewe, Zuhura, uliiweka negativu kwenye ile mashine yako, ukaigeuza, ukachapa, na kwa hilo nakushukuru mbele ya wote. Ukampa. Mama wa watu hakulia, aliitazama tu kwa muda mrefu sana, uso kwa uso, jicho kwa jicho. Halafu akasema, "Kumbe ni mimi."

Ndipo wewe, kwa moyo mzuri kabisa, ukaharibu. "Dada, hawa moshi nitakufutia. Na viatu hivi vya mtu gani? Dakika mbili tu mama anabaki peke yake safi."

"Moshi gani?" akauliza. Nikamweleza yote kama nilivyoandika hapa: msaragambo, hodi, jogoo, na yale maneno ya mama yake kwamba alikuwa kazini. Hapo ndipo alipolia. Alipomaliza akajifuta kwa kanga, akakwambia, "Usifute kitu, mdogo wangu. Waache wasimame wasalimie. Mimi nataka ionekane nani aliyebaki." Kisha akataka apigwe picha na ile picha.

Umeme ukakatika. Si ndiyo kawaida yake? Taa kubwa zote zikafa, na wewe ukamwambia arudi kesho. Nikakwambia weka B, fungua mlango wa barabarani. Nakunda akakalia kiti, picha ya mama yake mapajani. Akasema, "Na wewe baba kaa hapa. Na huyu dada. Wewe baba ndiye uliyekuwepo siku ile." Zuhura, katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia niingie kwenye picha. Mpiga picha wa mpira hawezi kuwamo, bomba halikuwa na urefu wa kutosha. Basi nikajipanga kushoto, wewe kulia, na rimoti tukampa yeye mwenyewe aishike kiganjani. Nikawahutubia: hakuna kucheka, hakuna kukohoa, hata nyumba ikiungua.

Akabonyeza. Nikaanza Baba Yetu. Nilikuwa sijafika hata kwenye ufalme.

"Hodi! Shikamooni humu!"

Ni mwuza maji wa mtaa wa pili, mwenye madumu yake. Na mimi Kajiru, mwenye sheria, nikanyanyua mkono nikageuka mlangoni nikajibu, "Marahaba baba, karibu, za tangu asubuhi?" Wewe ukacheka ukajikunja. Nakunda akangoja mpaka tulipomaliza kuulizana hali ya bei ya maji, ndipo akabonyeza mara ya pili.

Mmenipigia simu jana mkinibembeleza turudie, eti haiwezekani picha ya kumuaga mzee iwe moshi wenye miwani. Hapana. Itundikeni hivyohivyo, pale ilipokuwa flashi. Mimi ni moshi, wewe ni moshi unaocheka, na katikati Nakunda ametulia, na mapajani mwake mama yake ametulia, wote wawili wanakutazama. Ila umeikuza kwenye kompyuta? Kuza pale chini, kwenye pembe ya ile picha aliyoishika. Kidole gumba chake hakikusogea hata kidogo, na kimeviziba viatu vyote viwili.